Spika ya Drusilla

Abner Ratemo alikuwa seremala, na hapakuwa na mtu Gesima ambaye hajawahi kukalia kazi ya mikono yake. Madawati ya shule ya msingi yalikuwa yake, viti virefu vya kanisa la Wasabato vilikuwa vyake, na hata kitanda alicholalia Ongeri, mzee wa kanisa, kilitoka katika karakana yake ya mabati kando ya shamba la chai. Kazi hiyo aliionea fahari bila kuficha. Akipita nyumba ya mtu aliweza kuingia kwa salamu fupi, akaisukuma meza kwa kidole, akasema, "Haijalegea," kisha akaenda zake.

Jambo ambalo hakupenda kulitaja ni kazi ya binti yake.

Drusilla Nyanchera ndiye aliyekuwa kifungua mimba wake. Alipomaliza darasa la saba alipata kazi Kisii mjini, katika duka la Fred Okoth, mtu wa Kendu Bay aliyekuwa akitengeneza redio na gramafoni. Aliajiriwa asimame mbele kuuza betri za tochi, ambazo watu waliziita mawe, na sindano za santuri. Lakini macho yake hayakukaa mbele. Yalikuwa nyuma, pale Okoth alipokuwa akizifungua redio na kuzitapanya mezani kama kuku aliyechinjwa. Akaanza kumshikia tochi, baadaye akamshikia waya, na mwishowe Okoth akaona ni kujisumbua bure kumzuia, akampa kiti chake na bisibisi yake. Sasa ilikuwa miaka mingi, na watu wa mjini wakileta redio iliyokufa walimwulizia yeye.

Binti ya Machogu, jirani, alikuwa mwalimu. Wa Obwocha alikuwa muuguzi hospitalini. Watu walipomwuliza Ratemo kuhusu binti yake, alijibu, "Yuko mjini, ameajiriwa," akaendelea kupiga randa. Si kwamba alimwonea haya. Hakujua tu aiseme kazi yake vipi. Mwanamke anayeshika chuma cha moto na nyaya, hana koti jeupe wala chaki, mtu anamweleza vipi jirani yake akamwelewa?

Mwaka wa 1971, siku ya mwisho ya makambi, ile mikutano ya ibada ya kila mwaka ya Wasabato, Drusilla alikuwa nyumbani. Mama yake, Bochaberi, alirudi kutoka uwanjani amechoka, akavua viatu, akamwuliza mumewe, "Leo mchungaji amesema nini?"

"Si ulikuwapo?" Ratemo akashangaa.

"Nilikuwapo nyuma, kwenye mikaratusi. Na wajukuu, na akina mama wenye watoto wachanga, na wale wakongwe wasioweza kuketi bila kunyoosha miguu. Huko hakufiki kitu. Tunasikia wimbo, tunasikia amina, basi. Wenzetu wakisimama, tunasimama."

Drusilla alikuwa akimenya ndizi. Kisu kikasimama. "Mama, mwaka mzima unangoja makambi, na husikii hata neno moja?"

"Nasikia nikihadithiwa," Bochaberi akasema bila manung'uniko, akaenda kuchochea moto. Kwake yeye lilikuwa jambo la kawaida, kama baridi ya Julai.

Drusilla akamaliza kumenya ndizi. Lakini mwaka uliofuata, makambi yalipokaribia, alishuka kutoka kwenye basi la Keroka na mzigo kichwani uliomfanya atembee polepole kama aliyebeba mayai. Aliuweka kwenye meza ya karakana, akaufungua. Ndani ya khanga kuukuu mlikuwa na spika kubwa, pana kama sinia, iliyong'olewa katika gramafoni ya kabati ambayo mwenye nayo aliitelekeza dukani baada ya kulowa mvua. Karatasi yake ilikuwa imechanika mahali pamoja, na pale Drusilla alikuwa amebandika kiraka cha shashi kwa gundi, laini hivi kwamba ilikubidi Ratemo apitishe kidole ndipo akione. Palikuwa pia na maikrofoni ndogo, bunda zito la waya, na kopo la maziwa lililojaa vitu vidogo vyenye miguu miwili mitatu, mfano wa wadudu.

"Tata," Drusilla akamwambia baba yake, "nataka kutengeneza spika ya kubebeka. Itumie mawe ya tochi, maana huku hatuna umeme. Nyaya ni zangu. Sanduku ni lako."

Ratemo akaishika spika ile, akaigeuza huku na huku. "Kwa nini usiitengenezee kwa Okoth? Huko si kuna vyombo vyote?"

"Huko kuna vyombo. Hakuna seremala."

Mchana ule Ratemo alienda kuchagua mbao.

Wakafanya kazi wakiwa wamegawana meza. Upande mmoja maranda ya mbao yaliruka, upande wa pili ulipanda moshi wa risasi inayoyeyuka. Kwa kuwa hapakuwa na umeme, Drusilla alikipasha chuma cha kulehemu kwenye jiko la makaa. Alikuwa na vyuma viwili, kimoja motoni na kimoja mkononi, na kabla hakijapoa alikuwa ameshagusa, ameshavuta, ameshapuliza. Ratemo alijifanya hatazami. Alikuwa amewaona mafundi wengi maishani mwake, na alijua kwamba fundi anatambulikana kwa jinsi anavyoweka chombo chini. Drusilla aliweka chuma chake mahali palepale kila mara, pasipo kutazama. Hilo halikufunzwa na Okoth. Ratemo alijitazama mwenyewe akiweka patasi, akatabasamu peke yake.

Mawe ndiyo yaliyowapa kazi. Yalitakiwa yalale mstari mmoja, kichwa cha hili kikigusa kitako cha lile, na mtu akilibeba sanduku yasichezecheze. Drusilla alichora mstari kwenye vumbi la meza akafikiri. Kisha akatoka nje, akarudi na kipande cha mwanzi. "Ukinipasulia huu katikati, Tata, mawe yatalala humu kama njegere." Ratemo akaupasua, akausafisha ndani kwa tupa, akaweka kipande cha springi ya godoro mwishoni, kiyasukume mawe yabanane. Ulikaa sawasawa. Wote wawili wakautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Sanduku lenyewe Ratemo alilitengeneza kwa plaiwudi nyembamba ili liwe jepesi. Alilipaka rangi ya vanishi, akalisugua, akalipaka tena, hadi lilipong'aa mtu akajiona uso. Juu akatia mkanda wa ngozi wa kubebea, mbele Bochaberi akashona kitambaa cha kijani. Ratemo hakuwa amepata kutengeneza kitu kizuri kama kile, na alilijua hilo.

Drusilla akatia vitu vyake ndani, akafunga, akazungusha swichi. Kisha akasimama mlangoni na maikrofoni akasema, "Habari ya mchana, mama."

Sauti ikatoka. Ilikuwa kubwa, hiyo ni kweli, lakini pamoja nayo kulitoka mkwaruzo mbaya, trrr, trrr, kama nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Bochaberi, aliyekuwa jikoni, akachungulia. "Huyo anayekoroma ni nani?"

Drusilla akapunguza sauti, akaongeza, akapunguza. Akaizima. Akachagua maneno, kwa kuwa yule alikuwa baba yake.

"Tata, nyaya ziko sawa. Sanduku ndilo linaloongea. Linaongea kuliko spika."

 Kwa miaka yote ile hakuna aliyemrudishia Ratemo kazi. Alifuta mikono kwenye suruali, akachukua kikapu, akaenda kuchuma chai ingawa haikuwa siku ya kuchuma. Alichuma kwa hasira, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akijiambia kwamba mtoto huyu wa juzi hajui kushika hata randa. Lakini mkono ukifanya kazi, hasira hupoa. Alipofika mwisho wa mstari alikuwa anajiuliza swali la kifundi: sanduku linaongeaje?

Akarudi. Drusilla alikuwa bado amekaa palepale.

"Iwashe," Ratemo akasema. "Sema chochote, usinyamaze."

Drusilla akaanza kuhesabu, kisha akaimba wimbo wa kanisani. Ratemo alipiga magoti, akaweka kiganja ubavuni mwa sanduku, akakihamisha juu, akakihamisha nyuma. Ubao wa nyuma ulikuwa unatetemeka kama mzinga wa nyuki. Akaubonyeza kwa nguvu, mkwaruzo ukapungua. Akagusa pembe moja, akaona msumari unacheza. Akafumba macho, akaweka sikio kwenye mbao, na kwa mara ya kwanza akasikia alichokuwa akikisikia binti yake. Spika ilikuwa inasukuma hewa, na hewa ilikuwa inagonga kila kitu kilicholegea.

"Loo," akasema polepole. "Hiki si kabati. Hiki ni ngoma."

"Ndiyo, Tata. Ngoma isiyotakiwa kulia yenyewe."

Akalivunja sanduku lile zuri siku iyo hiyo. Bochaberi alishika kichwa. Ratemo akatafuta saiprasi iliyokauka vizuri, nzito kiasi, akazipachika pembe meno kwa meno, akatia gundi, akatumia skrubu badala ya misumari. Ndani aliweka kiguzo kutoka ubao wa mbele hadi wa nyuma ili usitetemeke. Bochaberi akatoa blanketi kuukuu, wakalipigilia kuta zote za ndani, wakaliacha sanduku likae na gundi ikauke. Mkanda na kitambaa cha kijani vilirudishwa, ila halikuwa na vanishi ya kumfanya mtu ajione uso. Lakini Drusilla alipoliwasha na kusema, "Habari ya mchana, mama," Bochaberi aliitika kutoka jikoni, "Nzuri, mwanangu," akadhani bintiye amesimama mlangoni kwake.

Ratemo alicheka hadi akaketi chini.

Habari Gesima haikai. Sabato iliyofuata, watu walipotoka kanisani, mzee Ongeri alimvuta Ratemo kando. Ongeri alikuwa mtu mrefu, mnyoofu, asiyependa mchezo katika mambo ya ibada, na watu walimheshimu kwa hilo.

"Ratemo, nasikia nyumbani kwako kuna kidude kile cha kwenye baa."

"Cha baa ni kile kinachopigwa baa, mzee. Hiki ni cha makambi. Akina mama wa nyuma hawasikii mahubiri."

"Wachungaji wetu wamehubiri kwa koo zao tangu wakati wa baba zetu. Mwaka juzi kanisa moja huko ng'ambo ya mto lilileta chombo cha kukodi. Kilipiga yowe katikati ya maombi, watu wakakimbia. Hiki amekitengeneza nani?"

Hapo palikuwa na watu wengi. Machogu alikuwapo, Obwocha alikuwapo, na wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie. Ratemo aliweza kusema, kama siku zote, kwamba kimetoka mjini. Neno hilo lilimjia mdomoni, akalimeza.

"Amekitengeneza Drusilla, binti yangu," akasema. "Ni fundi wa redio."

Akaona kwamba lilikuwa neno jepesi, na lilikaa vizuri kinywani. Akalisema tena, kwa sauti zaidi, akimtazama Machogu. "Fundi wa redio. Huko Kisii mtu akiambiwa redio yake imekufa, hamwamini mwingine hadi Drusilla aithibitishe."

Obwocha akasema, "Kumbe! Na mbona hukutuambia? Redio yangu imenyamaza tangu Krismasi."

Watu wakacheka, hata Ongeri midomo ikamcheza. Akafikiri kidogo, mikono mgongoni. "Basi kije. Lakini nakuambia mapema, Ratemo. Kikipiga yowe mara moja, kinazimwa, na hatutaki kukiona tena."

Siku ya kwanza ya makambi uwanja ulijaa mapema. Mhubiri alikuwa mchungaji Manasseh, mgeni kutoka Nyamira, mtu mpole mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayezungumza na mgonjwa. Drusilla aliweka sanduku mbele, kando ya jukwaa, akainua maikrofoni kwenye kijiti alichokichonga baba yake. Alikuwa amevaa gauni lake la Sabato na bisibisi ameichomeka kwenye mshipi. Ratemo alikaa kiti cha pili kutoka mbele, mgongo wima, kana kwamba ni yeye atakayehubiri.

Mchungaji akasimama, akafungua Biblia, akafungua kinywa. Sanduku likapiga yowe.

Lilikuwa yowe refu, jembamba, la kuchoma masikio. Watoto wakalia, mbwa wakabweka hadi kwenye maduka. Ongeri alikuwa amekwisha kusimama, mkono juu.

Drusilla aliizima haraka. Ratemo alimtazama uso, akaona hofu imepita mara moja tu kama kivuli cha ndege, kisha ikaja ile sura ya mtu anayefikiri. Akamwendea Ongeri mbele ya watu wote, akainama kidogo kwa adabu.

"Mzee, naomba unisikilize. Chombo hakijaharibika. Kimekaa karibu na maikrofoni, sasa kinajisikia chenyewe na kujijibu chenyewe, hakinyamazi. Kosa ni langu kukiweka hapa. Kikienda nyuma kwa akina mama, mbali na maikrofoni, kitatulia. Na hata hivyo wanaohitaji kusikia ni wao."

"Nilisema mara moja," Ongeri akajibu.

"Ulisema, mzee. Nakuomba hii ya pili."

Ongeri akamtazama msichana, akamtazama mchungaji. Mchungaji Manasseh, kwa sauti yake ile ndogo, akasema, "Mimi mwenyewe ningependa wanisikie." Kisha Ongeri akageuka amtafute Ratemo, na Ratemo hakuwapo kwenye kiti chake. Alikuwa ameshalitia sanduku begani, mkanda wa ngozi umemkaa kifuani, anashuka nalo katikati ya uwanja. Drusilla akamfuata akifungua bunda la waya na kuulaza chini ya viti, na watu wakawa wanainua miguu kuupisha. Ongeri aliushusha mkono.

Kule nyuma, chini ya mikaratusi, hakukuwa na mwanamume. Ratemo aliliweka sanduku juu ya kisiki, likielekea wanawake, likiupa uwanja mgongo, na kwa kuwa kisiki kilikuwa kimeinama, akaketi chini akalishika kwa mikono miwili. Drusilla aliwasha. Akarudi mbele.

Kwanza hakikusikika kitu. Halafu mchungaji akakohoa, na kikohozi kikatokea kifuani pa Ratemo, wazi kabisa. Bibi mmoja mkongwe, Nyamusi, aligeuka nyuma yake kumtafuta mchungaji. Hakumwona. Akamtazama Ratemo kwa mashaka.

"Si mimi, omong'ina," Ratemo akanong'ona. "Ni binti yangu."

Na sauti ikaja. Haikukwaruza, haikukoroma. Sauti ndogo ya mchungaji Manasseh ilitoka katika mbao za saiprasi ikiwa nzima, na pumzi yake na kurasa zake zikifunuliwa. Alisoma habari za Hana, mke aliyeomba moyoni, midomo ikimcheza na sauti yake isisikike, hata kuhani akadhani amelewa. Wanawake wa mikaratusini walikuwa wameshika vikapu vyao na watoto wao, na mmoja baada ya mwingine wakaacha kunong'onezana. Aliyekuwa akinyonyesha aliacha kumbembeleza mtoto ili asikose neno. Bochaberi aliketi mnyoofu, mikono magotini, akitazama kitambaa cha kijani alichokishona mwenyewe. Mchungaji aliposema jambo la kuchekesha, wanawake wa nyuma walicheka wakati mmoja na watu wa mbele. Ratemo hakukumbuka jambo hilo kuwahi kutokea.

Yeye mwenyewe hakusikia mahubiri sana. Alikuwa anasikiliza pembe za sanduku kwa viganja vyake. Hakuna hata moja iliyotetemeka.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, katika somo la pili, ndipo sauti ilipoanza kupungua. Ikawa nzito, kisha ya mbali, kisha kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Drusilla akaja mbio akiinama, akafungua mlango mdogo wa nyuma, akayagusa mawe kwenye mwanzi.

"Yamechoka, Tata. Nilidhani yatafika jioni. Sina mengine."

Wanawake walikuwa wamesogea mbele, shingo zimenyooka, wanakamata maneno ya mwisho yanayofifia. Ratemo akaingiza mkono katika koti lake, akatoa tochi, akaifungua kitako, na mawe yakamwangukia kiganjani. Akamkabidhi binti yake. Bochaberi alipoona hivyo akasimama, akasema kwa Ekegusii, bila kupaza sauti lakini bila kuficha, kwamba kila aliye na tochi atarudi nyumbani leo kabla ya giza.

Tochi zikaanza kutoka. Zilitoka vikapuni, chini ya Biblia, ndani ya nguo za watoto, maana hakuna aliyekuja makambini bila tochi. Machogu akapokeza yake kutoka viti vya katikati. Drusilla alikuwa akilijaribu kila jiwe kwa ncha ya waya na taa ndogo, zuri analiweka huku, bovu analirudisha kwa mwenyewe na shukrani. Kivuli kirefu kikamwangukia. Alikuwa Ongeri, ameacha kiti chake cha mbele, ameshika ile tochi yake ndefu iliyojulikana Gesima nzima, aliyokuwa akimulikia njia usiku kwenda kuwaombea wagonjwa.

"Haya ni mapya," akasema. "Nimeyatia jana."

Alisubiri hapo hapo, amesimama, hadi sauti iliporudi. Akaisikiliza kidogo, kichwa upande. Kisha, badala ya kurudi mbele, akaketi kwenye mzizi, kando ya Ratemo, akabaki huko mpaka baraka za mwisho.

Kwa siku zote za makambi spika ilikaa kwenye kisiki kile. Siku ya kufunga, umati ulipokuwa ukitawanyika, alifika Fred Okoth mwenyewe kutoka Kisii, na mkewe Benta, wamevaa kama watu wa harusi. Alikuwa amesimuliwa na abiria wa basi kwamba huko Gesima wanawake wanahubiriwa na sanduku. Aliomba afunguliwe mlango wa nyuma. Akachungulia ndani kwa muda, akapapasa blanketi, akapitisha ukucha kwenye viungo vya mbao na viungo vya risasi vilevile.

"Mzee Ratemo," akasema, "kulehemu nilimfundisha mimi. Lakini hii ya mwanzi sikumfundisha, na sanduku kama hili sijaliona hata Kisumu. Kuna shule mbili zimeniuliza chombo cha siku ya michezo. Kuna mapadri wa Nyamira wanauliza pia. Drusilla atengeneze, wewe utengeneze, mimi niviweke dirishani pangu mbele kabisa. Ila kitu cha dukani lazima kiwe na jina. Watu watakiitaje?"

"Kiitwe Okoth," Drusilla akasema kwa adabu. "Duka ni lako."

"Hapana," Okoth akajibu. "Mimi ninauza tu."

"Basi kiitwe Ratemo. Mbao ni zake."

Ratemo alikuwa akikunja waya kwenye kiwiko chake. Alipomaliza aliwaambia wangoje. Nyumbani hapakuwa mbali, wakaenda wote, na Bochaberi akawapikia chai. Ratemo aliingia karakana, akavuta jiko la makaa, akachukua kimoja cha vyuma vya kulehemu vya Drusilla bila kumwomba ruhusa, akakiacha motoni hadi ncha ikawa nyekundu. Akaliweka sanduku mezani, uso wa mbao juu.

Nyanchera lilikuwa jina la mama yake Ratemo, mwanamke aliyelima shamba hili kabla halijaona mche wa chai, akafa kabla mjukuu huyu hajajua kusoma. Ratemo alimpa mtoto jina hilo siku alipozaliwa, kama ilivyo desturi, na hakupata nafasi ya kuliandika mahali popote.

Akaanza na N. Mbao ilifuka, ikanukia utomvu. Drusilla alisimama mlangoni, kikombe mkononi, akiona herufi zinatokea moja moja, nyeusi, zimenyooka kama kwa rula. Chuma kilipopoa, alikwenda akamletea cha pili kutoka motoni, akamwekea mahali palepale mkono wake ulipozoea.

Ratemo alipomaliza A ya mwisho alipuliza majivu, akapangusa kwa mkono wa shati, akaligeuza sanduku kuelekea mlangoni ili Okoth aone.

"Litaitwa hivi," akasema. "Na wakiuliza ni nani, waambie ni fundi."